Utahadhari au Utatahadhari? Mwongozo wa neno moja kwa watu wa pwani ya kusini

Ukikaa Kilwa Masoko na redio karibu, haitapita miezi mingi kabla hujasikia sentensi hii au ndugu yake: angalizo la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2 limetolewa kwa baadhi ya maeneo ya ukanda wa pwani ya kusini, mikoa ya Lindi na Mtwara. Mwisho wa taarifa wananchi huombwa kuchukua tahadhari. Waliokaa barazani husema "haya", kisha mazungumzo ya bei ya pweza yanaendelea pale yalipokatika.

Mwongozo huu unahusu hilo "haya". Neno tahadhari limetamkwa mno, kwenye ugonjwa, kwenye moto, kwenye uchaguzi, kwenye mbwa wa jirani, hadi limekuwa kama salamu: unaitikia bila kufikiri. Nia yangu ni ulishike upya. Nitaanza na sarufi yake, maana humo ndimo watu wengi wanapoteleza bila kujua, kisha nitakwenda kwa jamaa zake, kisha kwa rangi za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), ambako nitakaa zaidi.

Umbo moja, kazi mbili

Asili ya neno ni Kiarabu, kutoka katika mzizi wenye maana ya kuwa macho na jambo na kujikinga nalo. Kiswahili kilichukua hadhari na kikachukua tahadhari, na yote mawili yanatumika kama nomino na kama kitenzi bila kubadili umbo. Unaweza kusema "alikuwa na hadhari" na unaweza kusema "hadhari na mkondo ule". Unaweza kutoa tahadhari, na unaweza kutahadhari.

Kwa kuwa kitenzi hiki hakiishii na -a, hakigeuki mwishoni. Kanusha kwa kusema "hatahadhari", usijaribu kubadili ile -i. Amrisha mmoja kwa "tahadhari!" na wengi kwa "tahadharini!" Hata katika dhamira tegemezi, pale ambapo vitenzi vya Kibantu huvaa -e, hiki hubaki kilivyo: "nataka atahadhari".

Hapo ndipo kuna mtego. "Utahadhari" inaweza kusomwa njia mbili. Ukiikata u-tahadhari, ni agizo la upole: yakupasa uwe macho. Ukiikata u-ta-hadhari, ni wakati ujao wa hadhari: utakuwa macho, baadaye, panapo majaliwa. Anayesema amekusudia sasa hivi. Anayesikia amepanga kesho. Wakati ujao wa tahadhari yenyewe ni "utatahadhari", na wengi humeza "ta" moja kwa kuona limejirudia kwa makosa. Ukiandika tangazo la kubandika kwenye mti wa gati, epuka umbo hili kabisa. Andika "tahadharini leo" au "msitoke leo". Bahari haimsubiri mtu achambue viambishi.

Ukimfanya mtu mwingine awe macho, unamtahadharisha. Ukijifanya wewe mwenyewe, unajihadhari. Kiungo cha kawaida ni "na": jihadhari na nge, tahadhari na maji yanayopwa. Siku hizi magazeti yanapenda "tahadhari dhidi ya". Si kosa la kumpeleka mtu mahakamani, lakini "na" ni fupi na ndiyo inayotoka kinywani mwa mtu aliye mbioni.

Angalia pia vitenzi vinavyolibeba neno likiwa nomino. Mamlaka hutoa tahadhari. Mwananchi huchukua tahadhari. Ni neno lile lile linalotoka mkono mmoja kwenda mwingine, ila likifika kwa wa pili hubadilika. Kwa anayetoa, tahadhari ni habari. Kwa anayechukua, ni kazi: kuvuta chombo juu, kuhamisha gunia la mchele, kumpigia simu nahodha aliye njiani kwenda Songo Songo. Mtu anayesema "nimechukua tahadhari" na hawezi kutaja alichokifanya kwa mikono yake, amesikia tu.

Ndugu watatu wanaochanganywa

Hatari, athari, tahadhari. Sauti zao zinafanana, na katika taarifa moja ya TMA utayakuta yote. Hatari ni jambo lenyewe linaloweza kudhuru: upepo, wimbi, mvua. Athari ni alama linayoiacha: nyumba kuzingirwa na maji, barabara kukatika, uvuvi na usafiri wa baharini kusimama. Tahadhari inakaa kabla ya zote mbili. Watu husema "barabara ina athari" wakikusudia hatari, na "hatari za mvua" wakikusudia athari. Kwenye kahawa haina neno. Kwenye kusoma utabiri ina neno kubwa, na nitakuonyesha kwa mfano wa mwaka 2024.

Lakini kwanza watoe hawa wengine njiani. Onyo hutoka kwa mwenye mamlaka, na mara nyingi huja baada ya kosa: mwanafunzi hupewa onyo, mchezaji huonyeshwa kadi. Ndani yake mna kidole kinachonyooshwa. Tahadhari haina mkosaji. Wasiwasi ni tahadhari isiyo na kazi. Humnyima mtu usingizi na mashua ikabaki pale pale majini. Shaka inahusu ukweli wa jambo: namtilia shaka dalali, naitilia shaka noti hii. Hofu haihitaji maelezo.

Neno linapokua

Sasa twende kwenye jambo ambalo kamusi huligusa juu juu: kutahadhari hakuji mara moja. Kunaanza kidogo na kuzidi, na Kiswahili kina maneno ya kila ngazi kama utayatafuta.

Kuna kuchelea. Hili ni neno letu la Kibantu, limetoka katika kucha, yaani kuogopa kwa heshima, ndiyo maana tunasema mcha Mungu. Anayechelea bado hajaona kitu, anaona tu kwamba jambo linaweza kwenda upande: "nachelea tukichelewa maji yatapwa tukwame mchangani". Msemo wa mchelea mwana kulia hulia yeye unatukumbusha kwamba kuchelea kuna upande mbaya pia. Ukichelea kila kitu hutafanya lolote. Ni kuchelea huku huku kunakomfanya mtu asimuudhi tajiri wa chombo, akatoka baharini siku ambayo hakupaswa kutoka.

Kuna machale kumcheza mtu. Vijana wanalipenda na wana haki. Hapo mwili umejua kabla ya akili: hewa imetulia kupita kiasi, ndege wamerudi nchi kavu, na wewe huwezi kueleza kwa nini umeacha kufungua tanga. Machale hayana ushahidi, wala usiyadharau kwa sababu hiyo. Mara nyingi ni miaka ishirini ya kuitazama bahari inayosema kwa mkato.

Kuna kukaa chonjo, ambako umeamua kuangalia kwa makusudi. Kuna kushtuka na kushtukia, ambako umeshaona. Kuna kujihami, na hapo umeshaanza kujikinga.

Ukitaka kueleza kwamba tahadhari inakua, usiseme tu "ametahadhari", maana -me- inafunga mlango: jambo limekwisha. Tumia "kuzidi", "kuanza", "kuingiwa na". Sema: "kadiri wingu lilivyojaa, ndivyo nahodha alivyozidi kutahadhari". Sema: "ameanza kuingiwa na hadhari na yule mnunuzi". Sema: "walikuwa wakimwamini, sasa wanamkalia chonjo". Sentensi za namna hii zinamwonyesha msomaji kwamba mtu hakugeuka ghafla, bali alikusanya dalili moja baada ya nyingine.

Tuseme kijana amefika gatini Kivinje alfajiri na kumkuta mzee wa chombo ameketi juu ya kamba.

"Shikamoo nahodha. Hatutoki?"

"Marahaba mwanangu. Jana nilichelea tu. Leo machale yananicheza. Tusikilize taarifa ya saa tatu, ikitoa tahadhari ya rangi ya chungwa, tunavuta chombo juu."

Katika maneno hayo machache mzee amepanda ngazi tatu, na amejua kila ngazi inadai nini. Ndiyo matumizi ninayotaka uyaige.

Kilwa ina mfano wa kale wa jambo hili, na sijizuii kuutaja. Mwaka 1500 merikebu za Kireno za Pedro Álvares Cabral zilitia nanga Kilwa Kisiwani. Mtawala wa mji aliwatazama kwa jicho la mashaka na mazungumzo ya biashara hayakuzaa kitu. Mwaka 1502 akaja Vasco da Gama, akadai ushuru wa dhahabu kwa vitisho, akapewa. Mwaka 1505 Francisco de Almeida akashusha askari, mji ukaporwa, ngome ikajengwa. Wareno walikaa hadi 1512. Miaka mitano, mara tatu, na kila mara dalili ilikuwa nzito kuliko ya kwanza. Si kwamba watu wa Kisiwani hawakuwa na hadhari. Walikuwa nayo tangu siku ya kwanza, ila hadhari isiyoongezeka pamoja na hatari hupitwa.

Rangi za TMA

Mamlaka haisemi "tahadhari" kwa kila kitu, ingawa sisi wasikilizaji tunasikia hivyo. Ina ngazi zake, na kila ngazi ina jina na rangi.

Siku isiyo na neno huandikwa "hakuna tahadhari". Ikipanda kidogo ni angalizo, rangi ya njano. Ikipanda zaidi ni tahadhari, rangi ya chungwa. Juu kabisa ni tahadhari kubwa, rangi nyekundu. Kwa hiyo mtangazaji akisema "angalizo", halafu jirani akakupasha kwamba "wametoa tahadhari", jirani amepandisha daraja bila idhini. Na wiki ijayo mamlaka ikitoa tahadhari yenyewe, utaona ni yale yale ya juzi. Kuchanganya maneno haya mawili ndilo kosa ninalokuomba uliache kabla ya mengine yote.

Angalizo limetoka katika kuangalia, na ndicho linachodai: angalia. Fuatilia taarifa inayofuata, chunguza kamba za nanga, usipange safari ndefu. Tahadhari ya rangi ya chungwa inadai utende: chombo kidogo kisitoke, aliye bondeni ahamishe vitu. Tahadhari kubwa inadai uache kila kitu na uondoke mahali pa hatari.

Kuna jambo moja ambalo watu wachache huliangalia. Rangi haipimi ukubwa wa tufani peke yake. Chini ya ramani huandikwa mambo mawili: kiwango cha uwezekano wa kutokea, na kiwango cha athari zinazoweza kutokea. Kila kimoja hupewa kidogo, wastani au kikubwa, na rangi huzaliwa kwa kuyaweka pamoja. Maana yake njano inaweza kuwa jambo dogo ambalo karibu hakika litatokea, na inaweza kuwa jambo zito ambalo huenda lisitokee. Njano hizi mbili si za aina moja. Ya kwanza itakulowesha. Ya pili ikikosea njia ikaja kwako, itakuvunjia nyumba. Soma mistari miwili hiyo kabla hujasema "aa, ni njano tu".

Soma na maneno madogo. "Baadhi ya maeneo" na "maeneo machache" yana maana yake. Mvua ikinyesha Nangurukuru isinyeshe Masoko, utabiri haujadanganya. "Mvua kubwa" kwa TMA ina kipimo: zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita 50 ni lita 50 kwa kila mita moja ya mraba, ndoo mbili na nusu za lita 20 zilizomwagwa kwenye nafasi ya mkeka mdogo. Zidisha kwa ukubwa wa bonde la mto Matandu ndipo uelewe kwa nini daraja lake linaogopa. Na wimbi la mita 2 limemzidi kimo mtu mzima aliyesimama, wakati ubavu wa ngalawa hauko juu ya maji hata kwa urefu wa mkono. Meli ya mizigo inaweza kulicheka angalizo hilo. Wewe usilicheke kwa niaba yake.

Mara mbili pembeni, ya tatu ikatua

Sasa mfano niliokuahidi, nikianzia nyuma kidogo. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilielekea pwani hii. Tahadhari zilitolewa kwa Mtwara na Lindi, na Mtwara watu wakatakiwa kuhama sehemu za hatari, shule na ofisi zikafungwa. Tarehe 25 Kenneth kikatua Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, kikaiharibu vibaya kaskazini ya Msumbiji, nchi iliyokuwa bado inazika watu wa kimbunga Idai. Upande wetu siku ilipita bila maafa ya namna hiyo. Aprili 2021 kikaja Jobo. Tahadhari zikatolewa tena kwa pwani, kikapungua nguvu kabla hakijafanya makubwa.

Baada ya hapo ilikuwa rahisi kumkuta mtu anayesema vimbunga vya redioni havifiki. Nataka ukikate kitenzi hicho. Kenneth kilifika, kilifika kwa wengine. Tahadhari iliyopita bila jambo kutokea haikuwa uongo, kama vile kufunga mlango usiku ambao mwizi hakuja si ujinga. Wazee wa Lindi, ambako kimbunga kilipiga Aprili 1952, walikuwa na sababu yao ya kutocheka, na Unguja nayo haikusahau upesi kile cha Aprili 1872 kilichong'oa mikarafuu na kuvunja vyombo bandarini.

Mei 2024 kikaja Hidaya. TMA ilianza kutoa taarifa za mgandamizo mdogo wa hewa mashariki ya pwani yetu mwanzoni mwa mwezi, ikapandisha maneno kadiri mfumo ulivyokua, na vyombo vya kwenda Unguja vikasimamishwa. Tarehe 4 Mei kikaingia Mafia na kupoteza nguvu kikiwa nchi kavu.

Watu walikuwa wameelekeza macho baharini, na walifanya vyema. Ila kilichoigusa Kilwa kwa uzito kilikuwa maji ya mvua. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika sehemu kadhaa wilayani, maeneo ya Somanga na Matandu yakiwamo, na mabasi na malori yakabaki pande mbili yakitazamana kwa siku kadhaa. Hapa ndipo tofauti ya hatari na athari inapolipa. Aliyesikia "kimbunga" akatahadhari na upepo, alijikinga na hatari moja. Aliyesoma mstari wa athari, uliotaja mafuriko na usafiri kukwama, alikuwa na fursa ya kununua dawa ya mgonjwa wake mapema, au kuahirisha safari ya Dar, au kuuza samaki wake Masoko kwa bei ndogo badala ya kuwaacha waoze Somanga juu ya barafu inayoyeyuka.

Kwa hiyo ukipata taarifa, fanya hivi. Itafute hatari, kisha ruka moja kwa moja hadi mstari wa athari, kisha jiulize ni ipi kati ya hizo inapita mlangoni kwako. Mvuvi wa Songo Songo na mama wa mgahawa wa Nangurukuru hawachukui tahadhari moja hata kama wamesikia tangazo moja.

Ukiwa wewe ndiye unayetahadharisha

Siku hizi kila mwenye simu ni mtangazaji, na hapa ndipo neno linapochakaa zaidi. Ujumbe wa aina hii unazunguka kila masika: "TAHADHARI!!! KIMBUNGA KIKUBWA KINAKUJA, SAMBAZA KWA WENGINE". Hauna tarehe, hauna mahali, hauna la kufanya. Pengine ni wa mwaka jana. Aliyeuandika ametoa hofu akidhani ametoa tahadhari.

Ujumbe wa kutahadharisha unataka mambo matano: nani amesema, lini, ngazi gani, wapi, na sisi tufanye nini. Mfano wa kubuni tu, uuone umbo lake:

"TMA, taarifa ya Ijumaa saa 3 usiku. Tahadhari (rangi ya chungwa) ya upepo mkali na mawimbi, pwani ya Lindi, Jumamosi na Jumapili. Sisi wa ngalawa Kivinje hatutoki kesho. Aliye na mtu nje ampigie arudi. Taarifa nyingine kesho usiku."

Ni maneno machache, na hakuna alama hata moja ya mshangao. Ukiona mkono wako unatafuta alama ya mshangao ya tatu, jua umekwisha kutoka kwenye kutahadharisha na umeingia kwenye kutisha.

Usisahau kuufunga ujumbe. Tahadhari inapoondolewa, andika kwamba imeondolewa. Jambo hili dogo hupuuzwa sana. Tahadhari isiyofungwa huendelea kuelea kwenye makundi, na Jumanne mtu anaikuta, anatazama nje jua linawaka, na siku nyingine haamini tena. Kilwa tumeona namna ngazi ya hatari inavyopandishwa na kushushwa kwa utaratibu: mwaka 2004 UNESCO iliyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, kazi ya kuyahifadhi ikafanyika, na mwaka 2014 yakatolewa. Waliotangaza hatari ndio waliotangaza kuisha kwake. Kundi lenu la wavuvi linaweza kufanya hivyo hivyo kwa sentensi moja.

Ukizungumza ana kwa ana na mtu aliyekuzidi umri, usianze na "tahadhari". Litaonekana amri. Nahodha wa miaka sitini hapendi kuambiwa na kijana wa kikundi cha usimamizi wa fukwe (BMU) kwamba achukue tahadhari, hata kama kijana amesoma ramani vizuri. Msalimie, muulize anaionaje bahari, kisha mpe ulichosikia: "Mzee, usiku wametoa la machungwa hadi Jumapili, wewe kusi hii unaionaje?" Atakujibu kwa maneno yake, ya upepo na mkondo na mwezi wa bamvua, na mara nyingi mtakuta mnasema jambo moja. Msipokubaliana, shika lililo zito zaidi kati ya hayo mawili. Kama mzee ana machale na redio haina neno, msikilize mzee. Kama redio ina rangi ya chungwa na mzee haoni kitu, isikilize redio, maana mfumo ulio kilomita mia tatu nje ya Mafia hauonekani kutoka gatini Kivinje hata kwa jicho la miaka sitini.

Kwa mtoto fanya kinyume. Usimwambie "utahadhari na maji". Mwambie "ukiona maji yamefika kwenye ule mkoko, rudi". Mtoto hushika alama upesi kuliko neno, na kusema kweli hata sisi wakubwa tuko hivyo. Weka alama yako mwenyewe: jiwe gatini, nguzo ya daraja, mstari kwenye ukuta wa nyumba uliobaki tangu Mei 2024. Maji yakigusa hapo, kuchelea kumekwisha.

Jambo la mwisho linahusu kalenda. Msimu wa vimbunga upande huu wa Bahari ya Hindi kwa kawaida huhesabiwa kuanzia Novemba hadi mwisho wa Aprili. Hidaya kilitua tarehe 4 Mei.